Duru Moja, Kazi Moja: Namna ya Kuipitia Upya Rasimu ya Kwanza ya Riwaya

(Hotuba iliyotolewa kwa waandishi waliokutana Dodoma. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Mbukwenyi, ndugu zangu!

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, walimu wetu, dada na kaka mliotoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Kondoa, nanyi mlioamka alfajiri kutoka Manyoni na Singida, asanteni kwa kuja. Huu ndio mkoa uliomzaa Mathias Mnyampala, mtu aliyeufanya ushairi wa Kiswahili ujibizane jukwaani kwa ngonjera. Anayesimama hapa kuzungumzia uandishi hana budi kupima maneno yake.

Nimepewa mada moja. Umeandika riwaya. Umefika mwisho. Rasimu ya kwanza unayo. Sasa unafanya nini?

Kabla sijajibu, naomba mnyooshe mikono. Nani ana rasimu ya riwaya aliyoimaliza, lakini ipo tu kwenye kompyuta au kwenye daftari, haijafika kwa mchapishaji yeyote? Asanteni, shusheni. Ni zaidi ya nusu ya ukumbi. Basi haya ni ya kwenu.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Mtu anamaliza leo, kesho asubuhi anafungua ukurasa wa kwanza. Anaondoa mkato, anabadilisha neno, anaongeza sifa za machweo. Kesho kutwa anaanza tena ukurasa wa kwanza, kwa kuwa ndipo faili linapofungukia. Baada ya miezi miwili sura ya kwanza imepigwa pasi mara kumi na mbili, na sura ya kumi na tisa haijasomwa tangu siku ilipoandikwa. Mhariri akiupokea mswada huo anaufurahia mpaka ukurasa wa thelathini, kisha ghafla ni kama ameshuka kwenye lami akaingia kwenye makorongo. Mwandishi huyo si mvivu hata kidogo. Amefanya kazi kubwa sana. Kosa lake ni kutaka kuona kila kitu kwa mara moja. Jicho linalowinda herufi iliyokosewa haliwezi wakati huohuo kugundua kwamba baba wa mhusika amezikwa katika sura ya tano na anakunywa chai katika sura ya kumi na moja.

Kwa hiyo neno langu la leo ni hili: duru moja, kazi moja. Utaupitia mswada mara nyingi, na kila mara uwe na kazi moja tu. Anza na kubwa, malizia na ndogo. Muundo kwanza, kisha matukio, kisha sentensi, na herufi na nukta mwisho kabisa. Kwa nini kwa mpangilio huo? Kwa sababu kuikata sura ambayo umezitengeneza sentensi zake kwa wiki tatu kunauma mno, na kwa kawaida mtu haikati. Analihurumia jasho lake, anaiacha sura ibaki, na riwaya nzima inabeba mzigo ule.

Ili tusizungumze hewani, tutunge riwaya ya mfano hapahapa ukumbini. Mhusika mkuu tumwite Nyemo. Baba yake alikuwa mkulima wa zabibu Hombolo. Amefariki, ameacha shamba la ekari mbili na deni. Baba mdogo anataka shamba liuzwe, maana mji unakuja na viwanja vina bei. Mwaka ni 2017. Rasimu ina sura 24 na maneno 84,000, yaani wastani wa maneno 3,500 kwa sura. Ukichapa maneno 300 kwa ukurasa unapata kurasa 280. Nyemo tutakuwa naye mpaka mwisho.

Jambo la kwanza: iache ilale. Wiki nne, au sita zikiwezekana. Usiifungue. Andika hadithi fupi, soma vitabu vya wengine, nenda shambani. Sababu yake ni hii: siku unapomaliza, kichwa chako kimejaa vitu ambavyo havimo kwenye karatasi. Unajua Nyemo ana kovu kwenye kiganja kwa sababu ulilifikiria siku moja ukiwa kwenye daladala. Unaposoma unaliona kovu, na wala hukuliandika popote. Wiki zikipita, vitu hivyo vinatoka kichwani, nawe unaanza kusoma kilichoandikwa.

Lakini kabla hujaiacha, tunza nakala. Mwaka 1936 John Steinbeck, mwandishi wa Marekani, alikuwa akiandika kitabu kilichokuja kuitwa Of Mice and Men. Usiku mmoja mbwa wake mchanga aliachwa peke yake nyumbani, akaitafuna karibu nusu ya rasimu. Kazi ya miezi miwili. Nakala nyingine haikuwepo, ikabidi aandike upya. Kwetu hapa adui ni flashi iliyoingia virusi, ni kompyuta iliyoungua umeme uliporudi kwa nguvu, ni mchwa waliopanda ukutani wakaingia kwenye kabati la madaftari. Jitumie faili kwa baruapepe. Weka flashi ya pili kwa mtu unayemwamini, katika nyumba nyingine. Daftari lipige picha ukurasa kwa ukurasa. Na kila duru iwe na faili lake: nyemo-1, nyemo-2, nyemo-3. Kamwe usiandike juu ya faili la zamani, maana utakuja kulihitaji.

Wiki zikitimia, chapa mswada. Kurasa 280 kwa upande mmoja ni zaidi kidogo ya nusu ya rimu. Gharama ikikuelemea, chapa pande mbili, ila acha pambizo la sentimita nne au tano upande wa kulia. Badilisha aina ya herufi ili ukurasa uwe mgeni machoni pako. Usipoweza kabisa kuchapa, geuza faili liwe PDF ulisome kwenye simu, mahali ambapo kidole hakiwezi kugusa sentensi. Soma yote kwa siku tatu mfululizo. Mkononi uwe na penseli, na alama zako ziwe tatu tu: mstari wima pembeni pale ulipochoka, alama ya kuuliza pale ulipopotea, nyota pale moyo uliposhtuka. Usirekebishe hata herufi moja. Nasema tena: hata herufi moja. Kazi ya duru hii ni kujua una nini mkononi, basi.

Jambo la pili, na hili ndilo zito kuliko yote: itafute riwaya iliyomo ndani ya rasimu.

Mwaka 1957 mwanamke kijana wa Marekani, Harper Lee, alipeleka mswada kwa mchapishaji. Ulimhusu mwanamke mtu mzima anayerudi kwao kusini kumtembelea baba yake. Mhariri wake, Tay Hohoff, aliona kwamba uhai wa mswada ule uko kwenye vipande vya kumbukumbu, pale mhusika alipokuwa mtoto. Lee akarudi kazini, akaandika upya kwa zaidi ya miaka miwili, akauhamishia usimulizi utotoni. Kitabu kilichotoka mwaka 1960 ni To Kill a Mockingbird, kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ule mswada wa mwanzo nao ulichapishwa mwaka 2015 kwa jina la Go Set a Watchman, kwa hiyo yeyote anaweza kuviweka vitabu viwili mezani na kupima umbali uliopo kati yake. Sasa nawauliza: angeanza kwa kunyoosha sentensi za mswada ule, angefika wapi?

Utajuaje riwaya yako iko wapi? Nyota zako zitakuambia. Zihesabu. Kama nyota tisa kati ya kumi ziko kwenye kurasa za shangazi, shangazi anakuita.

Kisha nunua karatasi ya manila, uibandike ukutani, uchore safu saba. Namba ya sura. Siku na saa. Mahali. Nani tunaona kwa macho yake. Anataka nini. Nini kimebadilika sura inapoisha. Idadi ya maneno. Sura 24, mistari 24, na kila mstari usizidi maneno ishirini. Kazi hiyo ni ya siku mbili, na ni siku mbili zenye faida kuliko miezi miwili ya kupaka rangi sentensi.

Hakimu ni ile safu ya sita. Nini kimebadilika? Katika sura ya tisa Nyemo anakwenda Chang'ombe ya hapa Dodoma kwa shangazi yake. Wanakula ugali wa uwele kwa mlenda, wanamkumbuka marehemu, Nyemo anaaga. Nini kimebadilika? Hakuna. Sura hiyo iondoke, au ipewe kazi. Ipewe kazi vipi? Shangazi anakoroga mlenda. Bila kuinua macho anasema kwamba baba mdogo alikuja mwaka jana na karatasi fulani ya shamba, akamwomba aweke dole gumba, naye akaweka, maana ni ndugu yake na mwiko ulikuwa mkononi. Anaendelea kukoroga. Jiko ni lilelile, chungu ni kilekile, lakini Nyemo aliyeingia pale ndani siye anayetoka.

Jedwali hilohilo litakuonyesha kosa linaloonekana katika rasimu nyingi mno: hadithi inachelewa kuanza. Barua ya kupimwa kwa shamba inafika sura ya nne. Kabla yake kuna maneno 10,500, kurasa 35, za babu alivyohamia Hombolo na baba alivyonunua miche yake ya kwanza. Mwandishi alihitaji kuziandika ili awafahamu watu wake. Ni halali kabisa. Sasa zihamishie kwenye faili la mabaki, uanze na barua, na yale muhimu ya babu na baba, labda kurasa mbili tu kati ya zile 35, uyarudishe kidogokidogo pale msomaji anapoyahitaji.

Ninyi mnaolima zabibu hamna haja ya kuambiwa sana jambo hili. Mzabibu wa Dodoma unapogolewa kabla ya kila msimu, ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mkulima analikata tawi lingali na majani ya kijani, anaacha macho mawili matatu, na chipukizi linalotoka hapo ndilo linalobeba kichala. Anayeogopa kukata anapata kivuli kizuri. Rasimu ya maneno 84,000 ikipoteza maneno 8,000 mpaka 12,000 katika duru hii, usishtuke.

Ila kupitia upya si kukata tu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Tazama safu ya mwisho, ile ya idadi ya maneno. Sura ya mlenda ina maneno 4,000. Sura ya kikao cha ukoo, ambako Nyemo anasimama mbele ya wazee kumkabili baba mdogo, ina maneno 900, na ugomvi wenyewe umesimuliwa hivi: "Walizozana sana, mwishowe Nyemo akaondoka kwa hasira." Mistari miwili! Kwa nini? Kwa sababu tukio lile ni gumu kuandika, na mwandishi alilipita mbio. Kila mwandishi ana mahali anapokimbia. Jedwali linakuonyesha mahali pako. Rudi pale. Nani alikaa kwenye kigoda na nani kwenye mkeka? Mzee gani alikohoa asiseme kitu? Nyemo aliingia akatoa shikamoo kwa baba mdogo, au hakutoa? Akiingia bila shikamoo, msomaji wetu anaelewa vita imeanza kabla neno lingine halijasemwa.

Tatu, kalenda. Hii ni duru fupi, ya siku tatu au nne, lakini ikirukwa inaangusha vitabu. Pitia ile safu ya siku na mahali tu. Nyemo analoweshwa na mvua kubwa mwezi wa nane Hombolo? Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili. Msomaji wa Nkuhungu atakifunga kitabu papo hapo. Anasafiri kwenda Dar es Salaam kwa treni ya umeme mwaka 2017? Treni hiyo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Barua yake ya Oktoba 2017 ina nembo ya CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu? Mamlaka hiyo ilivunjwa Mei 2017. Baba mdogo anajisifu kuwa "sisi ni watu wa jiji"? Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Anapata chumba cha bei ya chini mjini katikati ya Juni, wakati Bunge la bajeti limejaza nyumba za wageni? Inawezekana, lakini msomaji wa hapa atataka kujua amekipataje. Hesabu pia mimba, umri na misiba. Mtoto aliyezaliwa baada ya miezi sita, na hakuna aliyeshangaa, ni kosa la kalenda.

Nne, msomaji wa kwanza. Mpaka hapa umefanya kazi peke yako, na sasa huwezi tena kuiona. Novemba 1924 Maxwell Perkins, mhariri wa New York, alimwandikia F. Scott Fitzgerald kuhusu mswada wa The Great Gatsby. Aliusifu sana. Kisha akamwambia kwamba Gatsby mwenyewe haonekani sawasawa, yuko kama kwenye ukungu, na kwamba msomaji anahitaji kudokezwa utajiri wake umetoka wapi. Hakumwandikia kurasa mpya. Alimwonyesha mahali ambapo jicho la msomaji linakosa cha kushika, akamwachia mwandishi namna ya kuponya. Fitzgerald, akiwa Rome, akaifanya kazi hiyo kwenye prufu, kurasa zikiwa zimekwisha pangwa, akayasambaza maisha ya Gatsby ambayo mwanzo yalikuwa yamerundikwa pamoja. Kitabu kikatoka Aprili 1925.

Wewe huna Perkins. Tafuta watu watatu mpaka watano. Mmoja awe msomaji mkubwa wa riwaya. Mmoja ajue kazi inayozungumzwa, kwa Nyemo ni mkulima wa zabibu au mtu wa ardhi. Mmoja asiwe wa huku kabisa, awe wa Tanga au Mbeya, akuambie nini hakikueleweka. Wape wiki nne na tarehe ya kurudisha.

Na sasa niseme jambo linalotuhusu sisi. Sisi ni watu wa adabu. Ukimuuliza rafiki, "Umekionaje kitabu changu?" atakujibu, "Kizuri, hongera sana." Amekuheshimu, na hujapata kitu. Kwa hiyo usiulize hivyo. Uliza maswali yasiyohitaji ujasiri kujibiwa. Usiku wa kwanza ulisoma ukaishia ukurasa gani? Nani ulimchanganya na nani? Ulipofika ukurasa wa mia ulidhani nini kitatokea? Wapi ulirudi nyuma kusoma tena? Majibu hayo yaandike, usibishe, usijitetee. Wawili wakijikwaa mahali pamoja, pana shimo, hata kama dawa wanayopendekeza siyo. Akijikwaa mmoja tu, lala na jambo hilo usiku mmoja, kisha uamue mwenyewe.

Tano, sentensi. Tumefika sasa, na mnaona tumechelewa kufika. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Hapa sizungumzii lugha kwa jumla, nazungumzia Kiswahili, kwa sababu lugha yetu ina mitego yake, na vitabu vya mafunzo kutoka nje haviijui.

Mtego wa kwanza ni kiambishi a-. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. Sikilizeni: "Alimwambia kuwa amemsamehe, naye akalia." Chumbani wako Nyemo, shangazi na baba mdogo. Nani alisema? Nani kasamehewa? Nani analia? Wewe unajua, msomaji hajui. Kila tukio lenye watu zaidi ya wawili lipitie, ukiweka kidole juu ya kila a- na kila -m-, ujiulize ni nani. Dawa ni jina au cheo cha ukoo: "Baba mdogo alisema amemsamehe. Nyemo akalia."

Wa pili ni -ka-. Ni kiambishi kitamu, ndicho kinachosukuma hadithi zetu tangu kwa bibi. Lakini tazameni: "Akainuka, akachukua kanga, akafunga mlango, akatoka, akaenda mpaka stendi, akapanda basi." Sita mfululizo, na zote zina uzito mmoja. Kufunga mlango wa nyumba ya baba yake kwa mara ya mwisho kumekuwa sawa na kuchukua kanga. Bakiza mbili, tupa zisizo na kazi, na lile zito lipe sentensi yake: "Akainuka, akafunga mlango. Ufunguo aliuacha kwa shangazi." Sasa kuna kitu.

Wa tatu ni misemo iliyochoka. Machozi yalimlengalenga. Moyo ulimwenda mbio. Zihesabu kwa kutafuta kwenye kompyuta. Mara moja katika riwaya nzima inavumilika. Mara kumi na nne ni ishara kwamba mara kumi na tatu hukumtazama mhusika wako.

Mazungumzo nayo yana ugonjwa wao, wa kuzungumza kama taarifa ya habari. "Baba mdogo, nimesikitishwa na kitendo chako cha kutaka kuuza shamba la marehemu." Nani anaongea hivyo akiwa na uchungu? "Baba mdogo, shamba la baba unaliuza?" Maneno sita, na anaweza kuyasema huku analia.

Kisha kuna hatari ya kubadilisha majina. Umeamua mlinzi asiitwe Juma tena, aitwe Musa. Unaamuru kompyuta ibadilishe kote kwa mara moja. Kesho unakuta wahusika wako wanakwenda kanisani siku ya Musapili na kurudi kazini Musatatu. Ukimbadilisha Ali kuwa Hamisi, kila "Alikuja" inageuka "Hamisikuja". Chagua kutafuta neno zima, na thibitisha moja moja. Vilevile ukibadilisha nomino, upatanisho hauji wenyewe. Ulikuwa na "mlango ulifunguka, ukagonga ukuta". Umeamua liwe dirisha. Umeandika "dirisha ulifunguka". Kila nomino unayoibadilisha, isindikize mpaka mwisho wa aya.

Zaidi ya hapo, kompyuta nyingi zinaona Kiswahili chote ni makosa, zinakipigia mistari myekundu. Mwandishi anachoka, anauzima ukaguzi huo, na makosa halisi yanapita. Na makosa yetu mengine ni maneno halali, kwa hiyo hakuna mashine itakayoyashika kirahisi: mahari na mahali, kura na kula, hama na ama. Katika riwaya ya ardhi na ndoa, ukiandika "mahari" ulipokusudia "mahali" umeandika jambo jingine kabisa. Weka Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA karibu na mkono.

Dawa ya kushika yote haya ni sauti. Soma mswada mzima kwa sauti. Maneno 84,000 ni kama saa kumi na moja au kumi na mbili za kusoma. Saa moja kila jioni, wiki mbili zinatosha. Pale ulimi unapojikwaa, weka alama. Pale pumzi inapokata kabla ya nukta, weka alama. Usirekebishe huku unasoma. Duru moja, kazi moja.

La mwisho, ukurasa wa mwisho. Ernest Hemingway alimwambia mwandishi aliyemhoji kwamba aliandika upya ukurasa wa mwisho wa A Farewell to Arms mara 39. Kitabu kilitoka mwaka 1929. Kwa nini mwisho unahitaji kazi kiasi hicho? Kwa sababu kila ulichobadilisha huko nyuma kinaishia hapo. Katika rasimu ya kwanza Nyemo anasimama shambani, anatazama jua likizama, na msimulizi anatueleza alichojifunza maishani. Lakini sasa tuna dole gumba la shangazi, na mwisho ule haulijui. Ni mwisho wa riwaya nyingine. Hauna budi kumpitia shangazi, kwenye jiko lile. Jaribu pia hili: funika aya ya mwisho kwa kiganja, usome kinachobaki. Mara nyingi riwaya ilikwisha isha aya moja mapema.

Mtaniuliza inachukua muda gani. Kwa mtu mwenye ajira na familia, kuanzia kuiacha ilale mpaka kusahihisha herufi, ni miezi saba au minane. Na utajuaje kwamba basi? Fungua faili la duru ya sasa na la duru iliyopita, uyaweke pamoja. Ukiona katika sura nzima umerudisha maneno uliyoyatoa mara iliyopita, na mara iliyopita ulitoa maneno uliyoyarudisha kabla ya hapo, mkono umeanza kuzunguka palepale. Weka namba za kurasa, weka jina lako na namba ya simu kwenye ukurasa wa kwanza, tuma.

Naomba niishie hapo, Ndugu Mwenyekiti, tuingie kwenye maswali. Karatasi za manila ziko meza ya nyuma, karibu na mlango. Aliyekuja na mswada wake leo achukue moja, aanze na sura tatu za kwanza kabla ya chakula cha mchana.